Sufuria ya Jirani wa Kushoto

Mzee Gaspard alifanya kazi ya forodha mpakani Kavimvira kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kufungua mizigo ya watu na kutafuta kile ambacho mwenye mzigo hakukitaja. Alipostaafu walichukua mhuri na kofia, lakini macho walimwachia, na macho hayo, kwa kukosa malori ya kukagua, yakahamia kwenye bustani za majirani. Alijua nani anamwagilia alfajiri na nani anasingizia tu. Alijua nyanya za nani zimeingiwa na ugonjwa kabla mwenyewe hajajua. Mke wake, Mama Olga, alimwuliza mara kwa mara, "Papa Gaspard, pension walikupa ya nini, kama bado unafanya kazi?" Naye alikuwa akicheka kidogo na kurudi kwenye uzio wake wa matete.

Safu yao pale Nyamianda, mjini Uvira, ina nyumba kumi na moja, zinazoshuka kutoka upande wa mlima kuelekea ziwani. Katika safu hiyo kuna jambo linalofanywa kila mwaka bila tangazo wala barua ya mwaliko. Kiangazi chote, tangu Juni mpaka mvua irudi, watu hubeba maji kwa bidoni, yaani madumu, ili mboga zao zisife. Siku mvua ya kwanza inaponyesha kwa nguvu hadi maji yakimbie mferejini, kila mtu anajua kwamba Jumamosi inayofuata ni Mboga za Mvua. Asubuhi watu hufanya salongo, wakisafisha mifereji kwa pamoja. Mchana kila nyumba hutoa barabarani sufuria moja ya mboga zilizovuka kiangazi ndani ya uzio wake yenyewe. Za sokoni hazikubaliwi. Na hakuna anayekula sufuria yake mwenyewe. Kila nyumba hula sufuria ya jirani wake wa kushoto, yaani yule wa upande wa juu, na nyumba ya juu kabisa hula ya nyumba ya chini kabisa. Wanasema utaratibu huo uliwekwa zamani, baada ya kina mama wawili kukosana juu ya nani anajua kupika sombe, mboga ya majani ya muhogo. Tangu hapo hakuna wa kuchagua. Unakula ulichopangiwa na mahali unapolala.

Nyumba isiyo na bustani hurukwa. Haifukuzwi, Mungu apishe mbali. Watu wake hukaribishwa mkekani, hupewa sahani ya kwanza kama wageni, huulizwa kama wanapaona pazuri. Lakini majina ya nyumba yanapoitwa ili sufuria zifunuliwe, inarukwa.

Na kurukwa kwa nyumba moja kulimletea Gaspard neema ambayo hakuiomba. Jirani yake wa kushoto kwa miaka mingi ilikuwa nyumba tupu ya mtu anayeishi Bukavu. Baada ya nyumba hiyo anafuata Mama Nyandwi. Kwa hiyo tupu iliporukwa, Gaspard alikula kwa Mama Nyandwi, na hapo ndipo msomaji anapaswa kumeza mate pamoja naye. Mama Nyandwi aliletwa Uvira akiwa bibi harusi kutoka Luvungi, tambarare ya Ruzizi, na alikuja na mikono inayojua udongo. Bustani yake haizidi ukubwa wa vyumba viwili, lakini ndani yake zimo lenga-lenga, mchicha wao, za aina tatu, nyanya chungu, matembele yanayotambaa juu ya ukuta wa mawe aliyoyapanga mwenyewe, pilipili, na mboga nyingine ambayo hata jina lake yeye tu ndiye anayelijua. Lenga-lenga zake hupikwa kwa mawese, nyanya chungu na ndagala wachache, yaani dagaa wa ziwani, na Gaspard huanza kuziwaza tangu Julai. Alikuwa mtu wa dini, lakini kama angeulizwa siku gani ya mwaka anaipenda zaidi, Noeli ingeshika nafasi ya pili.

Kisha Sabine akapanga ile nyumba tupu.

Sabine alikuwa mchuuzi wa ndagala, mwanamke mrefu wa maneno machache. Nyumba yake ya zamani ilikuwa kule chini, hatua chache kutoka majini. Ziwa lilipopanda liliingia kwanza uani, kisha jikoni, kisha chumbani, bila haraka, kwa wiki kadhaa, mpaka akabaki na watoto wawili, godoro na milango miwili aliyoing'oa kabla kuta hazijaanguka. Alipanda nayo Nyamianda juu ya mkokoteni. Kiwanja alichokipata kilikuwa cha mawe matupu. Hata mbuzi walikipita bila kugeuza shingo.

Mwaka wa kwanza alirukwa. Mama Nyandwi, ambaye ndiye huita majina kwa sababu sauti yake haihitaji kipaza sauti, alifika kwenye jina lake na kusema kwa upole kabisa, "Kwa Sabine, tunaruka." Sabine akatabasamu, akapokea sahani ya wageni kwa mikono miwili, akala kama mtu anayemeza dawa. Mwaka wa pili ikawa vilevile. Gaspard aliliona tabasamu lile mara zote mbili, maana macho hayakustaafu, na mara zote mbili aligeukia sahani yake iliyojaa mboga za Mama Nyandwi na kuendelea kula.

Mwaka wa tatu, Juni ilipoanza, Gaspard alisikia chuma kikigonga jiwe upande wa pili wa uzio. Akachungulia. Sabine alikuwa amerudi kutoka sokoni, amefunga kitenge kiunoni, anang'oa mawe. Alifanya hivyo kesho yake, na keshokutwa, kila siku kuanzia saa nane mchana mpaka jua lishuke nyuma ya mlima. Mawe madogo aliyapanga kando. Makubwa aliyabingirisha kwa mti. Milango yake miwili ya zamani akaisimamisha upande wa juu kuwa uzio, mmoja bado una kitasa. Samadi akaiomba kwa Rénovat mfuga mbuzi, vumbi la ndagala akalizoa kwenye vianikio. Na kila alipotoka bandarini Kalundu kununua ndagala, alipitia mahali ilipokuwa nyumba yake, akapanda mlima na beseni la mchanga kichwani.

Siku moja Gaspard alishindwa kujizuia. "Mama Sabine, muchanga ya nini? Nyamianda tuko na udongo."

"Udongo ya hapa ni nzito, Papa. Inafunga mizizi." Alitua beseni. Mchanga ulikuwa mweupe, umechanganyika na vigamba vya konokono wa ziwani, vidogo kuliko punje ya mchele. "Tena hii ni ya kwangu. Ziwa ilirudi nyuma kidogo, kipande ya parcelle ikaonekana. Nyumba siwezi kuibeba. Nabeba hii."

Gaspard alirudi kwake. Alihesabu kichwani: ziwani mpaka hapa, mlima, jua la saa saba, beseni. Miaka thelathini na mmoja alikuwa ameona watu wakivusha kila kitu kwenye mpaka ule, sukari, vitenge, mafuta, ng'ombe mzima, lakini hakuwahi kuona mtu akivusha kiwanja chake kwa beseni. Alimheshimu mwanamke yule tangu saa ile, na hakumwambia mtu.

Mwezi wa Julai mboga zikatoka. Sabine hakuotesha juu ya matuta kama watu wa mlimani. Alichimba vitanda vyake kwenda chini, virefu na vyembamba, kina cha mkono mpaka kiwiko, na kupanda ndani. Ndivyo wanavyofanya watu wa ufukweni: kule unashuka kuufuata unyevu wa ziwa, na maji kidogo unayomwaga yanabaki kwenye mzizi. Wakati biringanya za Gaspard, zilizosimama mstari mmoja kama malori mpakani, zilikuwa zimenyauka masikio, lenga-lenga za Sabine zilisimama kwenye mashimo yake zimeshiba, za kijani upande mmoja, nyekundu upande mwingine. Bidoni mbili kwa siku zilimtosha. Gaspard alitumia tano na bado aliona aibu. Alianza kuamka mapema ili aende kutazama. Alipima urefu wa majani kwa jicho. Akasifia kwa sauti akiwa peke yake, jambo ambalo mke wake alilisikia akiwa jikoni na kulicheka siku nzima.

Lakini jicho la forodha halikosi kuona kilichofichika, nalo liliona pia ubaya. Kabla Sabine hajaja, kiwanja kile kilikuwa njia ya maji. Mvua kubwa inaponyesha juu mlimani, maji hushuka kwa nguvu, ukuta wa mawe wa Mama Nyandwi huyasukuma kando, nayo hupita palepale mpaka kwenye mfereji wa Gaspard. Kwa miaka miwili Sabine aliyaona yakipita uani kwake na hakuyajali, maana yalipita juu ya mawe. Mwaka huu yangekuta vitanda vilivyochimbwa kwenda chini, vimepangwa vizuri kuyapokea. Kule ufukweni maji hupanda polepole kutoka chini na kukupa muda wa kung'oa milango. Hapa hushuka kutoka juu, na yana mbio. Kilichotakiwa ni mfereji mmoja tu wa kuyageuza, upande wa juu, nyuma ya ile milango. Kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili.

Gaspard alilijua hilo tangu Julai. Hakusema.

Kwanza alijiambia kwamba si vizuri mwanamume kuingilia kazi ya mama wa watu. Kisha akajiambia kwamba mvua iko mbali. Sababu yenyewe ilikuwa sufuria. Siku moja Sabine alimsalimia juu ya uzio na kusema, akiwa na furaha ambayo hakuwahi kumwona nayo, "Papa Gaspard, mwaka huu haturuki. Mwaka huu utakula kwangu."

"Asanti, Mama," Gaspard alisema. Mdomo ulicheka, tumbo likafiwa. Lenga-lenga za Mama Nyandwi, kwa mawese na nyanya chungu, zilikuwa zinamuaga.

Mama Olga alimwuliza mara mbili. "Ulimwambia Sabine juu ya maji ya mulima?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Mama Olga, mvula iko wapi?"

Mvua ilikuja Ijumaa, mwisho wa Septemba, saa tisa alasiri. Wingu lilikaa juu ya mlima kama saa nzima likijikusanya, kisha likafunguka. Harufu ya vumbi lililoloa ikajaa nyumba zote, watoto wakatoka kuchezea maji, kina mama wakapindua bidoni chini juu kuonyesha kwamba kazi ya kubeba imekwisha. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Gaspard alisimama dirishani. Aliusikia mlima kabla hajauona: mngurumo wa chini, wa mawe yanayoviringika. Milango miwili ya Sabine ilisimama kwa muda mfupi, ikalala, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakaingia kwenye vitanda kimoja baada ya kingine. Yalipojaa yakaanza kuchimba. Sabine alifika mbio kutoka sokoni, karai tupu kichwani, akasimama mlangoni kwake na watoto wake. Hakupiga kelele. Mvua ilipokatika, giza lilikuwa limeshaingia.

Usiku ule Gaspard hakugusa chakula. Mama Olga naye hakumwuliza chochote, na hilo lilimchoma zaidi.

Asubuhi ya Jumamosi alitoka kabla ya watu wa salongo. Uani kwa Sabine palikuwa tope na kokoto, pamesawazishwa kama hapakuwahi kuwa na kitu. Akamwona Sabine akitoka, amevaa nguo safi, akipanda kwa Mama Nyandwi. Aliyasikia maneno yake, kwa kuwa asubuhi sauti hufika mbali.

"Mama, ukiita majina, kwangu uruke. Maji ilibeba yote."

"Yote?"

"Yote. Sitaki kununua sokoni na kudanganya bantu. Uruke tu."

Mama Nyandwi, asiyeishiwa maneno, alipata mawili tu. "Sawa, mwanangu," alisema.

Gaspard aligeuka ili asimwone akirudi. Na alipogeuka ndipo akaziona. Uzio wake wa matete, upande wa juu, ulikuwa umechuja maji ya usiku kama chujio la chai. Chini yake, kuanzia pembe hadi pembe, lenga-lenga zilikuwa zimelala ndani ya tope, mizizi na yote, nyekundu na za kijani, nyingine zimekunjika, nyingi nzima. Ubaridi wa usiku ulikuwa umezitunza. Zilikuwa ndani ya kiwanja chake. Hakuna mtu mwingine aliyeziona. Kwa kuzisukuma kwa jembe mara nne tu zingekuwa mferejini, zingeteremka ziwani pamoja na takataka nyingine, na mchana Mama Nyandwi angesema "tunaruka", na sahani ya Gaspard ingejaa kama mwaka jana na mwaka juzi.

Alisimama na jembe mkononi. Mimi msimuliaji sitamtetea: jambo hilo aliliwaza. Aliliwaza kwa muda wa kutosha mtu kuvuta sigara nusu. Kisha akakumbuka beseni la mchanga kichwani pa Sabine, jua la saa saba, mlima, na roho ikamsuta mpaka masikio yakawaka moto. Akaliegemeza jembe ukutani, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya salongo, akaanza kuokota.

Mama Olga alimkuta pale. Alitazama, akaelewa, akaingia ndani na kutoka na beseni kubwa na bidoni mbili za maji. Wakaosha pamoja, jani kwa jani. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, ya pili ya kijivu, ya tano karibu yawe safi. Mizizi wakaikata. Beseni likajaa mpaka juu, na Gaspard, ambaye magoti yake hayakubali tena kukunjwa misani, hakulalamika hata mara moja.

Angeweza kulipitisha juu ya uzio. Alilibeba kwa njia ya barabara, mbele ya watu wote wa salongo wenye majembe, akapanda mpaka mlangoni kwa Sabine.

Sabine alilitazama beseni, akamtazama Gaspard, magoti yake ya tope. "Hizi ziko kwako sasa, Papa," alisema taratibu. "Zilianguka kwako."

"Zilivuka mpaka bila declaration," alisema Gaspard. "Minye najua kazi yangu. Bintu ya vile vinarudishwa kule vilitokea." Alitua beseni kizingitini. "Pika."

Mchana turubai lilifungwa, mikeka ikatandikwa, sufuria kumi na moja zikapangwa barabarani kwa mpangilio wa nyumba. Ugali wa mihogo ulikuwa ukitoa mvuke, mtu alikuwa amechoma samaki wa mikeke, hewa ilikuwa imeoshwa na milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa ilionekana wazi hadi miti yake. Kila mtu alikuwa mzuri siku ile, hata wale ambao kwa kawaida si wazuri. Mama Nyandwi alianza kuita kutoka juu, akifika kwenye kila jina sufuria inafunuliwa na watu wanaguna kwa kupendezwa. Akajiita mwenyewe. Akavuta pumzi.

"Kwa Sabine."

Sabine akafunua sufuria yake.

"Iko," alisema.

Ndipo Clovis akainua mkono. Clovis anakaa nyumba ya nane, na miaka minne iliyopita Gaspard alimwaibisha mbele ya watu kwa kosa la kuleta lenga-lenga za sokoni. Alizitambua kwa uzi wa mgomba uliofungia fungu, ambao Clovis alisahau kuuondoa. Clovis hakusahau siku hiyo. "Minye sina ubaya na Mama Sabine," alisema. "Lakini sote tuliona. Asubuhi parcelle yake ilikuwa matope tu. Na Papa Gaspard alitoka kwake na beseni ya mboga. Sheria ni sheria. Yeye mwenyewe ndiye alitufundisha."

 Watu walikuwa wanajua kwamba maneno yale hayana roho nzuri, na walikuwa wanajua pia kwamba yana haki. Sabine aliangalia chini. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika kifuniko.

"Clovis ana haki ya kuuliza," alisema Gaspard. Akainuka, akaja na sahani yake, akaketi mbele ya sufuria ya Sabine. "Mimi ndiye jirani wa kulia. Sufuria hii ni yangu kula. Mutu asifunike kwanza."

Akachota ugali, akauminya, akachukua mboga nyingi kuliko adabu inavyoruhusu. Zilikuwa zimepikwa kwa ndagala tu, chumvi na pilipili moja, mapishi ya ufukweni yasiyo na mawese. Akatafuna. Wote walisikia, kwa maana hakuna aliyekuwa akisema: kitu kilipasuka kati ya meno yake.

Sabine alifumba macho. Kwa mpishi wa safu ile, mchanga kwenye mboga ni aibu inayosimuliwa mpaka watoto waolewe.

Gaspard alitoa kitu kinywani kwa vidole viwili, akakiangalia mbali, akakiangalia karibu, kama alivyokuwa akiangalia mihuri ya karatasi kule Kavimvira. Akakiweka ukingoni mwa sahani nyeupe. Akatafuna tena, akatoa kingine kizima, akakiweka kando ya kile kilichovunjika. Kisha akampelekea Clovis sahani.

"Angalia. Hii ni nini?"

Clovis aliinama. "Kigamba. Ya konokono."

"Konokono ya wapi?"

Clovis alikigeuza kwa kidole. "Ya ziwa," alisema.

"Kwangu, chimba mupaka China, utapata udongo nyekundu. Kwako vilevile. Kwa Mama Nyandwi vilevile. Katika nyumba kumi na moja, ni parcelle moja tu iko na kigamba ya ziwa, sababu mwenyewe aliibeba kutoka kule nyumba yake ilikuwa, kwa kichwa, beseni kwa beseni, kiangazi yote. Minye niliona." Mzee akakigonga kigamba kwa ukucha. "Miaka thelathini na moja niliomba bantu certificat ya kuonyesha bidhaa imetoka wapi. Sijapata iliyo kamili kuliko hii."

Sahani ilipita mkono hadi mkono. Kila mtu aliinama akatazama. Ilipomfikia Sabine, alikigusa kile kigamba kizima kwa ncha ya kidole, akakaa nacho. "Hii ilikuwa mbele ya mulango," alisema, bila kumwambia mtu fulani, na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Clovis alikuwa wa kwanza kusema. "Imekubalika," alisema, akaketi.

"Kwa Sabine, iko," aliita Mama Nyandwi, kwa sauti ambayo bila shaka ilisikika Kavimvira, na akaendelea, "Kwa Gaspard," na nyingine zikafuata mpaka ya mwisho.

Wakala. Sufuria ya Mama Nyandwi, ile ya mawese na nyanya chungu, ilikwenda kwa jirani wake wa kulia, kama sheria inavyosema. Gaspard aliiona ikipita mbele ya pua yake na kutua mbele ya Sabine na watoto wake, akaiona mikono ya watoto ikiingia, na akagundua kwamba moyo wake haukuifuata nyuma kama alivyoogopa. Akaongeza mboga za Sabine mara ya pili. Zilikuwa tamu. Alitoa vigamba vingine vitatu.

Lakini bado alikuwa na mzigo ambao haujafunguliwa, na kazi yake ilimfundisha kwamba mzigo wa namna hiyo haukai. Watu walipoanza kusimama akasogea karibu na Sabine.

"Mama, minye nilijua," alisema. "Tangu mwezi ya saba. Nilijua maji ya mulima inapita pale, na weye ulikuwa unachimba kwenda chini. Mufereji moja juu ya ile milango ingetosha. Sikukuambia, sababu nilitaka sufuria ya Nyandwi. Ni tumbo tu. Unisamehe."

 Gaspard alisubiri kama watu walivyokuwa wakimsubiri yeye kwenye kizuizi, hajui kama watamfungulia.

"Jumatatu asubuhi," alisema Sabine, "kuya na jembe yako. Yangu maji ilienda nayo."